Tulipie jibu, si kipimo

Mjomba wangu ni fundi cherehani, Kayole. Mwaka jana, kwa miezi saba, alikuwa na "alsa", yaani vidonda vya tumbo. Ndivyo alivyoambiwa kwenye kemisti iliyo chini ya ploti anayokaa, ndivyo alivyotuambia nasi, na hatukuhoji, maana Nairobi kila mtu ana alsa. Ukishikwa na tumbo kazini, mwenzako wa meza ya pili anafungua mkoba na kukupa omeprazole kama anayekupa peremende. Isiposaidia, unapimwa homa ya matumbo kwa kipimo cha Widal, ambacho kinaweza kusema unayo kwa sababu tu uliwahi kuiugua zamani. Hiyo nayo ikishatibiwa na tumbo halijatulia, basi ni amiba. Baada ya amiba watu huanza kutaja jirani mwenye kijicho.

Nikirudisha mawazo nyuma naona dalili zilikuwa wazi kabisa. Maumivu yalipenya mpaka mgongoni, yakazidi akilala chali, yakapungua akiinama mbele, vile anavyoinama kwenye cherehani. Tukasema ni mgongo wa kazi. Suruali zake mwenyewe alizipunguza kiuno mara mbili na hakuna aliyemuuliza kwa nini. Mwishowe aliyeona tatizo hakuwa daktari, alikuwa mteja aliyekuja kuchukua sare ya mtoto: "Fundi, mbona macho yako yamekuwa ya njano?"

Skani ya CT ilionyesha uvimbe kwenye kichwa cha kongosho, umeubana mrija wa nyongo. Mrija ukawekewa stenti, bomba dogo la kuuweka wazi, ili nyongo ipite, macho yakaanza kurudi, na daktari akasema sasa kuna kipimo kimoja kimebaki, kinaitwa EUS, yaani ultrasaundi inayofanywa kutoka ndani ya tumbo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikikifuatilia kama mtu anayefuatilia kesi ya shamba. Nimefika mahali nadhani tunabishana kuhusu kitu kisicho chenyewe. Tunauliza kama nchi yetu inamudu mashine hizo. Mashine ndiyo sehemu rahisi.

Kwanza nieleze inavyofanya kazi, maana ukiielewa hapo ndipo utajua inapokwama.

Kongosho ni kiungo cha kujificha. Lina urefu wa sentimita 15 hivi, limelala nyuma ya tumbo la chakula, karibu na uti wa mgongo, na kichwa chake kimekumbatiwa na mwanzo wa utumbo mwembamba. Ultrasaundi ya kawaida, ile ya kupakwa jeli juu ya ngozi, inalitafuta kwa mawimbi ya sauti ambayo lazima yapite kwenye mafuta, misuli, kisha tumbo na utumbo wenye hewa. Hewa ndiyo adui. Sauti ikikutana na hewa inarudishwa ilikotoka. Ndiyo sababu ripoti nyingi za ultrasaundi mtaani zina sentensi ile ile: kongosho halikuonekana vizuri kwa sababu ya gesi. Mgonjwa akisoma "halikuonekana" anaelewa "halina shida", anakunja karatasi, anarudi nyumbani na dawa ya gesi.

Mwaka 1980 watafiti wa Marekani na wa Ujerumani walichapisha wazo lile lile karibu kwa wakati mmoja: kama sauti haipenyi kutoka nje, ipelekwe ndani. Kichwa kidogo cha ultrasaundi kikafungwa kwenye ncha ya mpira wa endoskopia, ule wenye kamera unaopitishwa mdomoni. Ukuta wa tumbo la chakula una unene wa milimita chache tu, kwa hiyo safari ni fupi, na safari ikiwa fupi unaweza kutumia sauti ya masafa ya juu ambayo haifiki mbali lakini inaona vitu vidogo. Ukisimama nje ya ua unasikia tu kwamba kuna watu ndani. Ukiingia sebuleni unajua nani amesema nini.

Kongosho lenye afya linaonekana kwenye skrini kama chumvi iliyochanganywa na pilipili manga. Hata madaktari wenyewe hulieleza hivyo. Saratani mara nyingi huwa doa jeusi katikati ya chumvi hiyo, na EUS inaweza kuona doa la chini ya sentimita 2 ambalo CT imelipita. Kisha kuna sindano. Mwaka 1992 Peter Vilmann na wenzake huko Denmark waliripoti kwamba wamepitisha sindano ndani ya mpira huo, ikatoboa ukuta wa tumbo na kuchota seli za kongosho huku wakiitazama kwenye skrini, mstari mweupe unaoingia kwenye doa jeusi. Steve Jobs alifanyiwa hivyo. Alilisimulia mwenyewe mbele ya wahitimu wa Stanford mwaka 2005, jinsi sindano ilivyofika kwenye kongosho lake na uvimbe ukagundulika kuwa wa aina adimu, inayoweza kupasuliwa. Sindano haikumponya. Ilimwambia ana nini, na matibabu yote yaliyofuata yalisimama juu ya jibu hilo.

Siku ya mjomba tulipanda matatu saa kumi na moja alfajiri. Muuguzi akamuuliza:

"Mzee, umekula chochote?"

"Sijakula."

"Hata maji?"

"Hata maji. Nimekunywa chai tu."

"Chai ya maziwa?"

Mjomba akamtazama kana kwamba kuna nyingine.

Kipimo kikaahirishwa. Mtu anayelazwa kwa dawa ya usingizi akiwa na maziwa tumboni anaweza kuyatapika yakaingia kwenye mapafu, na ndiyo maana mgonjwa hufungishwa saa sita au zaidi. Mjomba hakudanganya, wala muuguzi hakukosea. Karatasi ya maagizo ilikuwa ya Kiingereza na ilikataza "chakula", na kwa mtu wa Kayole chai si chakula, chai ni asubuhi. Tulipoteza siku moja, nauli, na nafasi ambayo mgonjwa mwingine angeipata. Sijui ni nafasi ngapi zinapotea hivi kila mwezi kwa kukosa mstari mmoja wa Kiswahili.

Mara ya pili alikuwa tayari. Sindano ilipita mara tatu, mzee akaamka akilalamika koo tu, tukarudi nyumbani kusubiri. Baada ya wiki mbili jibu likatoka: seli hazitoshi kutoa uamuzi. Arudie.

Nilirudi kumuuliza daktari, na alinijibu kwa uaminifu niliomheshimu nao. Kwenye hospitali zinazofanya kazi hii kila siku, alisema, mtaalamu wa seli hukaa chumba kile kile na hadubini yake. Tone la kwanza linapakwa kwenye kioo, linatiwa rangi, na ndani ya dakika chache anasema inatosha, au chota tena upande ule. Siku ya mjomba hapakuwa na mtu huyo chumbani. Maabara ilikuwa ghorofa mbili chini, ina hadubini, ina rangi. Sampuli ilishuka kwa lifti ndani ya chupa, na ilipofunguliwa mgonjwa alikuwa ameshapanda matatu zamani. Zipo sasa sindano mpya zinazokata kipande cha nyama badala ya kunyonya seli zilizotawanyika, na hizo zinapunguza ulazima wa huyo mtu kuwepo. Siku hiyo hazikuwepo.

Tulilipa tena. Mjomba huhesabu gharama zote kwa cherehani, na kwa hesabu yake kipimo kimoja kilikuwa cherehani tatu za umeme. Kwa hiyo sita. Kwenye kundi letu la WhatsApp la mchango, binamu mmoja aliandika kwamba tumechanga mara mbili kuambiwa hatujui. Nilimkasirikia, kisha nikaona hana kosa.

Aliyenipa hoja ya makala hii ni mjomba mwenyewe, siku tunatoka kulipa. "Mteja akirudisha suruali kwa sababu nimekata fupi," alisema, "mimi simtozi tena."

Nimelitafakari neno hilo kwa sababu linagusa kiini cha mambo. Hospitali ilituuzia kipimo. Sisi tulidhani tunanunua jibu. Kipimo kilifanyika kikamilifu: mpira uliingia, sindano ikatoboa, risiti ikatoka. Jibu halikupatikana, na hasara yake ikawa yetu sote isipokuwa ya aliyelipwa. Malipo yakikaa hivyo, hakuna hospitali itakayoona haja ya kumpandisha mtaalamu wa seli ghorofa mbili, kwa sababu kutompandisha hakuigharimu kitu.

Kuna daktari rafiki yangu aliyesoma rasimu ya hoja hii akanicheka. Ukiweka sharti hilo, alisema, watawakwepa wagonjwa wagumu: wenye uvimbe mdogo, wenye kongosho lililokakamaa kwa kuvimba muda mrefu. Ana hoja. Hata mikono bora duniani hukosa mgonjwa mmoja kati ya kumi hivi, na sindano isiyoona saratani haimaanishi saratani haipo. Basi tuseme hivi: anayerudia kipimo alipe sindano na dawa ya usingizi peke yake, na hospitali itangaze kila mwaka ni sampuli ngapi zilitosha mara ya kwanza. Hilo la kutangaza ndilo ninalolitaka zaidi. Leo unaweza kujua hoteli gani ya Westlands ina samaki mzuri kuliko unavyoweza kujua ni nani mwenye sindano inayoleta jibu.

Wakati huu ni mzuri kuliweka suala hili mezani. Tangu Oktoba 2024 tumehamishwa kutoka NHIF, bima ya afya ya zamani ya serikali, kwenda SHA, ile mpya, na mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 ya mapato yake yote. Kelele zote zimekuwa kuhusu kiasi gani kinalipwa kwa kitanda, kwa upasuaji, kwa kemo (dawa za saratani). Ni haki. Lakini fedha nyingi za saratani hutumika baada ya uamuzi kufanywa, na uamuzi ukiwa wa kubahatisha, kila shilingi inayofuata inabahatisha pia.

Mfano ulio karibu nasi zaidi ni kifua kikuu. Watu wanajua TB ya mapafu. Wachache wanajua kwamba inaweza kukaa kwenye tezi zilizo karibu na kongosho, au ndani ya kongosho lenyewe, ikaonekana kwenye CT kama saratani kabisa, na mtu mwenye virusi vya Ukimwi yuko kwenye hatari zaidi. Hiyo inatibika kwa vidonge ambavyo serikali inatoa bure. Bila sindano, mtu huyo anaweza kufanyiwa upasuaji mmojawapo mkubwa kuliko yote tumboni, wa kuondoa kichwa cha kongosho, sehemu ya utumbo, kifuko cha nyongo na mrija wake, kisha maabara ikagundua hakuhitaji. Au familia ikaambiwa imrudishe nyumbani "akae na watu wake". Katika nchi yenye TB kama yetu, hii pekee ingetosha kuifanya EUS isiwe anasa.

Kuna pia mawe ya nyongo. Jiwe dogo likiteremka kwenye mrija mkuu, ultrasaundi ya nje mara nyingi hulikosa. Njia ya kuliondoa ni ERCP, mpira unaoingia mpaka kwenye mdomo wa mrija wenyewe, na kati ya wagonjwa mia wanaofanyiwa ERCP wapatao watano huvimba kongosho kwa sababu yake. Wengine huvimba vibaya. Ukitazama kwanza kwa EUS ukakuta mrija ni safi, umemwepusha mtu na hatari ambayo hakuwa na sababu ya kuikabili. Hapa hakuna sindano wala saratani, ni kutazama tu, na nadhani ndiyo kazi ambayo ingewasaidia watu wengi zaidi jijini, hasa kina mama wanaolazwa na kuruhusiwa na kulazwa tena kwa maumivu ya upande wa kulia.

Kwa umio nasita kidogo. Vitabu vinasema EUS ni bora kupima saratani ya umio imezama kiasi gani ukutani, nasi tuna saratani hiyo kwa wingi, hasa Bonde la Ufa, ambako wapo wanaoilaumu chai ya kuunguza. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliweka vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 kwenye orodha ya vinavyoelekea kusababisha saratani. Lakini wagonjwa wetu wengi hufika wakiwa hata uji haupiti. Umio ukiwa umeziba hivyo, mpira wa EUS ambao ni mnene kuliko wa kawaida hauna njia, na jibu lake haliwezi kubadilisha mengi. Hapo mtu anahitaji stenti ale.

Na kuna mahali ambapo sitaki kuiona kabisa. Hospitali za jiji zimezoea kuuza vifurushi vya "kupima mwili mzima", na tayari vingine vina kipimo cha damu kiitwacho CA 19-9, kinachouzwa kama king'ora cha saratani ya kongosho. King'ora hicho hulia hata kwa jiwe la nyongo, na kuna watu ambao damu yao haiwezi kukitoa kabisa hata wakiwa na saratani. Mtu mzima asiye na dalili akipigwa na king'ora hicho atapelekwa EUS akiwa na hofu, na mpira unaotoboa, ingawa ni kwa nadra, unaweza kutoboa pasipotakiwa. Aliye na kiungulia tu anahitaji kupimwa bakteria wa tumbo na pengine endoskopia ya kawaida. EUS ni ya mwenye swali mahususi: macho ya njano bila maumivu, kupungua uzito pamoja na maumivu yanayopenya mgongoni, kongosho lililovimba bila sababu, kisukari kilichomwibukia ghafla mtu aliyepita miaka 50 huku akikonda.

Narudi kwa mashine. Kila nikitaja jambo hili, mtu wa kaunti huuliza mbona zisigawiwe kaunti zote. Tulijaribu hivyo. Kuanzia 2015 serikali ilikodi vifaa vya hospitali kwa mabilioni, vikasambazwa kwenye hospitali 98 katika kaunti zote 47, na Seneti ilipokuja kuchunguza ilikuta vingine vimekaa bila kazi, hakuna umeme wa kutosha, hakuna chumba, hakuna mtu wa kuvitumia. Mashine za eksirei zilikuwa rahisi kuliko hii. Mpira wa EUS unaobeba sindano una kamera inayotazama kimshazari, si mbele moja kwa moja, kwa hiyo anayeuongoza kwenye kona ya utumbo anapapasa nusu ya njia. Huku mkono ukipapasa, jicho linasoma skrini mbili, ya kamera na ya sauti. Chama cha wana-endoskopia cha Marekani kwa miaka mingi kilisema mwanafunzi afanye angalau 150 kabla hata hajapimwa kama ameiva. Hospitali inayopata wagonjwa wawili kwa mwezi itachukua zaidi ya miaka sita kumfikisha mtu mmoja hapo.

Kwa hiyo msimamo wangu hautawapendeza magavana. Iwe sehemu moja au mbili, ya umma mojawapo, mahali ambapo mgonjwa wa Kayole anafika kwa matatu moja na wa Turkana anafika kwa rufaa inayolipiwa nauli. Wafanye kila siku, mpaka mkono uzoee. Kaunti wasipewe mashine, wapewe haki ya kutuma mgonjwa bila kuuliza ruhusa watu wanane, na daktari wa zamu mwenye namba ya simu inayopokelewa. Huduma hii leo ipo Nairobi, lakini imekaa zaidi upande wa watu wenye bima za kampuni, na wengine bado wanachanga kwa paybill kwenda India kutafuta kitu ambacho kingeweza kufanyika upande wa pili wa Thika Road.

Mjomba alirudia sindano mwezi uliofuata. Safari hii daktari alikuwa amempigia simu mtaalamu wa seli mapema, akapanda na hadubini ndogo chini ya kwapa na vioo vyake kwenye kisanduku cha plastiki. Niliwaona kupitia mlango uliofunguliwa kidogo. Alipaka, akatia rangi, akainama, akasubiri. Kisha akasema neno moja tu, "Inatosha," na wakatoa mpira. Sindano ilikuwa imepita mara mbili tu, hawakuhitaji ya tatu. Jibu la awali lilikuwa tayari kabla mzee hajaamka, na la maandishi likaja siku nne baadaye. Lilikuwa baya, lakini lilikuwa na jina, na wiki iliyofuata akaanza kemo aliyostahili kuanza wiki sita nyuma. Siku hizi anashona asubuhi tu.

Nilimuuliza yule mtaalamu kwa nini hakuja mara ya kwanza. Akasema hakuna aliyemwita. Kupanda huko hakumo kwenye orodha ya malipo.